Kudaiwa si kuwa na deni

Dawa ya deni ni kulipa. Sawa, lakini nani kasema deni lipo? Tumezoea 'nadaiwa' kwa maana ya 'nina deni', ilhali kitenzi ni 'dai' tu.

Mwaka 1855 Uingereza iliruhusu mwenye hati ya malipo apate hukumu ya haraka, mdaiwa asipopewa idhini ya kujitetea. Mwaka 1901, katika kesi ya Jacobs na Booth's Distillery, mahakama ya juu kabisa huko ilisisitiza idhini hiyo isibanwe ovyo.

Kenya ilirithi utaratibu huo. Leo umo katika Agizo la 36 la Kanuni za 2010. Hoja moja tu inayostahili kusikizwa hutosha. Nashikilia basi: mdaiwa ni mtu aliyeulizwa swali. Aachwe ajibu.