Majira na Utulivu wa Nafsi katika Ngara na Biharamulo

Tiba ya Kihindi iitwayo Ayurveda humwagiza mtu abadili chakula, usingizi na mazoea yake kila majira yabadilikapo. Kitabu cha Charaka chayataja majira ya Sharad, takriban Septemba hadi Novemba, mvua zikishapita na jua likarudi kuupiga mwili uliokwisha kuzoea unyevu. Shauri hilo likihamishiwa Ngara lapinduka, kwani huko miezi hiyo ndiyo mvua huanza, vumbi la kiangazi likatulia na majembe yakatoka. Warundi, ambao lugha yao na Kihangaza ni ndugu, huyaita majira hayo Agatasi. Tiba ya majira haisafiri kwa urahisi kama wanavyodhani waipendao.

Wala utulivu wa nafsi haukutafutwa huko kwa kukaa peke yako ukifumba macho. Ulitafutwa katika kubandwa. Mwenye kusumbuliwa na maradhi, utasa au huzuni isiyo na jina aliingizwa katika chama cha pepo, akafundishwa siri zake, akapata ndugu wengine zaidi ya wale wa damu. Bugufi ilimfuata Kiranga, kama Burundi. Upande wa Rwanda alitajwa Ryangombe. Na kuelekea Biharamulo, kwa Wazinza, walitajwa Wacwezi. Mti wa ibada hiyo ni ule wa maua mekundu, umurinzi kwa Kirundi, ambao huchanua wakati wa kiangazi, matawi yakiwa hayana majani. Wanyarwanda husimulia kwamba Ryangombe, alipopigwa pembe na nyati, aliupata mti huo kuwa kimbilio lake.

Majira yenyewe yalikuwa na mlinzi wake. Bugufi ilikuwa chini ya mwami wa Burundi, na huko kila mwaka, karibu na Desemba, sherehe ya umuganuro ilifungua upanzi wa mtama, mbele ya ngoma takatifu Karyenda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Burundi ilikwenda kwa Wabelgiji, Bugufi ikabaki kwa Waingereza. Waandishi wengi huliona jambo hilo kuwa habari ya mpaka tu. Kwa mkulima wa Kihangaza, ngoma iliyoidhinisha mbegu zake ilikuwa sasa katika nchi ya wengine; na hata huko, baada ya 1929, umuganuro haukufanywa tena katika zama za Wabelgiji. Tanganyika nayo ilikuwa imetunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, na kivuli chake kikawaangukia hata waganga wasiomdhuru mtu.

Mwaka 1974 kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili, na mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa sheria hiyo mganga wa Ngara na mtaalamu wa Ayurveda husimama mbele ya baraza moja. Jani la mganga laweza kusagwa na kupimwa katika maabara. Usiku ambao mgonjwa alipewa ndugu wapya hauna kipimo chake humo, na yamkini ndio uliokuwa sehemu kubwa ya dawa.