Kipofu wa Kendal na Tabia za Mpira

Katika mji wa Kendal, kaskazini ya Uingereza, alizaliwa mwaka 1757 mtu aitwaye John Gough, ambaye ndui ilimpofua macho angali mtoto mdogo, na ambaye, kwa kukoseshwa nuru ya kuonea, alijizoeza kuipambanua mimea kwa kuigusa, hata akawa mjuzi wa elimu hiyo, na tena mwalimu wa hesabu aliyemfundisha kijana John Dalton, yule aliyekuja kupata sifa kwa nadharia yake ya atomi. Aghalabu Gough hutajwa kwa ajili ya mwanafunzi wake tu, kisha akapitwa. Naiona hiyo kuwa dhuluma, maana aliandika habari za mpira ambazo wanazuoni walihitaji zaidi ya karne nzima kuzifahamu barabara.

Habari hizo zilichapwa Manchester mwaka 1805. Gough alitwaa kipande chembamba cha mpira mbichi, akakiloweka katika maji ya moto kidogo mpaka kikalainika, akakishika ncha mbili, akakigusisha kando ya midomo yake, ambayo ni myepesi ya kuhisi, kisha akakivuta kwa ghafula. Mara midomo ikahisi joto. Akakiachia kirejee hali yake, na papo hapo ikahisi baridi. Akatundika uzito kwenye ukanda wa mpira na kuupasha moto, na ukanda, badala ya kurefuka kama ambavyo chuma au shaba ingerefuka, ukajikunja na kuuinua ule uzito. Ama jaribio la tatu, ambalo kwangu mimi ndilo lenye thamani kuu, alivuta mpira ndani ya maji ya baridi, akaona umepoteza sehemu ya nguvu zake za kujirudi, ukabaki umenyooka hata baada ya kuachiliwa. Lakini alipoutia katika maji ya moto, ukaruka mara moja kuurudia ufupi wake.

Mwaka 1859 James Joule, baada ya kuhimizwa na William Thomson, aliyapima mambo hayo kwa vyombo madhubuti na kuthibitisha kwamba kipofu yule hakukosea. Walakini kuthibitisha si kueleza, na wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua mpira umepangika vipi ndani yake.

Wenye biashara walikuwa na taabu zao wenyewe. Mpira mbichi, uwe umegemwa katika miti ya Brazil au katika mibungo ya mwitu ya pwani yetu, ambayo aina yake moja ilipewa na wataalamu jina la John Kirk, balozi wa Waingereza katika Unguja, ulinata wakati wa hari, na katika baridi kali ya Ulaya na Marekani ukakakamaa. Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba kiberiti na moto huutuliza, viwanda vilistawi. Lakini ile siri ya kukakamaa ikabaki pale pale.

Mwaka 1920 Mjerumani Hermann Staudinger alitoa hoja kwamba vitu kama mpira, ambavyo leo twaviita polima, ni molekuli ndefu mno, yaani minyororo ya maelfu ya viungo vilivyoshikana. Wengi katika wakuu wa elimu hiyo walimpinga, wakishikilia kwamba ni molekuli ndogo zilizokusanyika tu. Miaka mitano baadaye Mholanzi J. R. Katz alipitisha miale ya eksirei katika mpira uliolegea, akapata duara la ukungu, dalili ya kitu kisicho na mpango, kama kioevu. Akauvuta, akapitisha tena, na penye ukungu pakatokea madoa makali yaliyopangika, ambayo ni alama ya fuwele. Alipouachia, madoa yakatoweka.

Hapo ndipo maneno ya Gough yalipopata tafsiri. Minyororo ya mpira, ikiwa katika raha yake, imesokotana ovyo mithili ya nyuzi za makumbi kabla msokota kamba hajazinyosha. Ivutwapo hulala ubavu kwa ubavu, na baadhi yake hushikamana kuwa fuwele. Kujipanga huko hutoa joto, na ndilo sehemu ya lile lililohisiwa na midomo. Baridi huzidumisha fuwele hizo, kwa hiyo mpira hubaki umenyooka. Moto huziyeyusha, na minyororo huurudia msokoto wake. Hata pasipo kuvutwa, mpira mbichi uliowekwa muda katika baridi hufanya fuwele polepole, na kwa upesi zaidi kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Na huko ndiko kukakamaa kulikowasumbua wafanyabiashara.

Mwaka 1930, katika maabara ya DuPont mjini Wilmington, Julian Hill, aliyekuwa chini ya Wallace Carothers, alichovya kijiti katika polima iliyoyeyuka, akachomoa uzi. Na uzi ule ulipokwisha kupoa alikuta kwamba waweza kuvutwa tena mara kadhaa ya urefu wake, na kila ulipovutwa ukazidi nguvu na kung'ara. Kwa njia hiyo ya kuvuta ndipo nailoni, iliyopatikana mwaka 1935, ikafaa kwa soksi na kamba. Tofauti yake na mpira ni joto: fuwele za nailoni haziyeyuki mpaka kiasi cha nyuzi 265, basi mpango uliopatikana kwa kuvutwa hauondoki mkono uachiapo, hali fuwele za mpira wa kawaida huyeyuka papo hapo.

Lakini udhaifu huo wa mpira ndio uliouhifadhia kazi yake. Penye ufa, mahali ambapo mpira umevutika kupita kiasi, fuwele hutokea zenyewe na kuuzuia ufa usiendelee, kisha huyeyuka mzigo upunguapo. Mpira wa viwandani utengenezwao kwa butadiini na stirini, ambao minyororo yake haina mpangilio mmoja, hauwezi kufanya hivyo. Na kwa sababu hiyo hata leo matairi ya ndege na ya malori makubwa hufanyizwa zaidi kwa utomvu ugemwao mitini.