Denis: jina la mungu wa divai lilivyoingia Maniema

Majina mengi ya Nyangwe yaliletwa na misafara. Wafanyabiashara wa pwani waliofungua kituo chao hapo, ukingoni mwa mto Lualaba, Maniema, kwenye miaka ya 1860, waliacha akina Juma, Amisi, Ramazani na Salumu. Mpaka leo, kuanzia Kasongo hadi Kabambare, majina hayo wanayo Wakusu, Wazimba na Wabangubangu ambao babu zao hawakuiona bahari. Denis naye ni jina la kawaida nchini Kongo, na safari yake ni ndefu zaidi.

Chimbuko lake ni Dionysos, mungu wa divai wa Wagiriki wa kale, mwana wa Zeus na Semele. Mama yake aliungua angali mjamzito, na Zeus akamshonea mtoto pajani mwake hadi alipozaliwa. Wazazi wa Kigiriki waliwaita watoto wao Dionysios kwa heshima yake. Mmoja wao, Dionisio Mwareopago, anatajwa katika Matendo ya Mitume 17 kuwa alimwamini Kristo baada ya kumsikia Paulo mjini Athene. Mwingine alikuwa askofu wa Paris aliyekatwa kichwa karne ya 3; kwa sababu yake Wafaransa walilipenda jina hilo, wakalifupisha kuwa Denis.

Kutoka Ufaransa jina hilo lilisafiri na Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, waliofika Buganda mwaka 1879. Miongoni mwa vijana waliobatizwa huko ni Denis Ssebuggwawo, mtumishi wa ikulu wa miaka 16 hivi. Mei 1886 Kabaka (mfalme) Mwanga alirudi Munyonyo kutoka kuwinda viboko, mikono mitupu na hasira tele. Akagundua kwamba kijana huyo alikuwa akimfundisha dini mtoto wa Katikkiro, waziri mkuu. Alimpiga kwa mkuki, na kesho yake Ssebuggwawo akauawa. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu mwaka 1964. Kwangu hapa ndipo Denis alipokuwa jina letu: tangu hapo mtoto aliyebatizwa hivyo anaweza kuwa na somo wake Mwafrika, kijana aliyekufa akifundisha.

Huku Maniema, majeshi ya Dhanis, afisa Mbelgiji, yaliteka Nyangwe Machi 1893, na Kasongo Aprili. Mapadre Weupe wakaja nyuma yao na madaftari ya ubatizo. Kasongo ikawa vikarieti mwaka 1952 na jimbo mwaka 1959. Ukoo ambao babu aliitwa Ramazani ukaweza kupata mjukuu Denis, na wote wakala sahani moja.

Kisha ikaja siasa ya uhalisi. Mwaka 1972 Rais Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko, akapiga marufuku majina ya Kikristo nchi nzima. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, ikambidi akaishi Roma kwa muda. Kwenye karatasi za serikali Denis alifutwa. Nyumbani na kanisani watu waliendelea kuitana kama walivyozoea. Kamba ililegezwa mwaka 1990.

Mvulana mmoja wa Bukavu, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, alikuwa na miaka 16 marufuku hiyo ilipoanza. Tarehe 10 Desemba 2018, huko Oslo, alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kuwatibu wanawake waliobakwa vitani, na akatajwa kwa jina lake: Denis Mukwege.