Ukubwa wa marisau katika kulenga visahani

Namba inayochapwa kwenye ganda la marisau ilipata maana baada ya viwanda kuweza kutengeneza punje zinazolingana. Katika miaka ya 1660, Prince Rupert aliieleza Royal Society ya London namna ya kuchanganya risasi iliyoyeyushwa na aseniki kidogo, kisha kuipitisha kwenye bamba lenye matundu hadi majini. Aseniki ililisaidia tone kujiviringa, lakini lilianguka kimo kifupi tu. William Watts, fundi bomba wa Bristol, alipata hataza mwaka 1782 kwa wazo sahili na zuri sana: risasi iachiwe kutoka juu kabisa ya mnara, ijiviringe ikiwa hewani, ndipo ifike majini. Alitumia nyumba yake mwenyewe, akaiongezea mnara. Punje zilizopatikana zilichekechwa na kupangwa kwa unene.

Wakati huo shabaha zilikuwa njiwa hai. Baadaye zikaja tufe za kioo. Mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati alipata hataza ya kisahani cha udongo. Visahani vyake vya kwanza vilichomwa hadi vikawa vigumu mno, na punje ziliweza kuvipiga bila kuvivunja. Lami na unga wa chokaa vilivyochukua nafasi ya udongo vilimpa mlengaji uhuru wa kutumia punje ndogo.

Uchaguzi wenyewe unategemea umbali. Kwa vipimo vya Marekani, wakia moja ya risasi, yaani takriban gramu 28, ina punje zipatazo 585 za namba 9, zenye kipenyo cha milimita 2 hivi, lakini ni 350 tu za namba 7½, zenye milimita 2.4. Punje nyingi huziba mianya ambayo kisahani kingeponea. Punje nene hudumisha kasi na nguvu mbali zaidi. Kwa hiyo katika skiti, mchezo ulioanzishwa na Charles Davies huko Andover, Massachusetts, yapata mwaka 1920, namba 9 inafaa kabisa, kwa kuwa visahani hupigwa kwa karibu. Katika trapu kisahani hukimbia kikimwacha mlengaji, naye huhitaji namba 8 au 7½. Mnunuzi aangalie milimita kabla ya namba, maana namba 7 ya Uingereza ndiyo 7½ ya Marekani.

Kwenye Olimpiki, kanuni huweka kikomo cha gramu 24.5 za marisau, na punje isizidi milimita 2.6.

Sumu ya risasi imebadili hesabu hiyo. Denmark ilipiga marufuku marisau ya risasi mwaka 1996. Chuma, chenye uzito wa gramu 7.8 kwa sentimita moja ya ujazo dhidi ya 11.3 za risasi, hupoteza kasi upesi, hivyo mlengaji hupanda unene kwa namba moja au mbili. Hata hivyo hapungukiwi punje: wakia ya chuma namba 7 ina zipatazo 420.