Mhandisi wa Vita na Mashamba ya Karanga

Wazee wetu wa Kasulu na Kibondo walikwisha kuzoea kuwaaga vijana waendao manamba katika mkonge, ndipo ukaanza Mpango wa Karanga, mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo, jirani yetu katika njia ya reli. Mwaka 1948 usimamizi wake alikabidhiwa Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa jeshi la Uingereza, aliyeongoza wahandisi wa majeshi ya Washirika Kusini Mashariki ya Asia, huko huko ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana Burma mwaka 1944.

Alijua madaraja na barabara; kilimo hakikuwa fani yake. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya vita, na yale yaitwayo Shervick yaliundwa kutokana na vifaru. Lakini udongo wa Kongwa hukauka kiangazi ukawa mgumu kama saruji, na mvua nayo ilikosekana. Harrison aliugua, akarudi kwao. Si haki kumtwika yeye peke yake lawama: waliopanga ekari zaidi ya milioni tatu walikuwa London.

Mpango ulifutwa mwaka 1951, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Urambo iligeukia tumbaku, zao ambalo baadaye lililimwa hata huku kwetu.