Kuzurura, katika magazeti ya 1983

Nyumbani kwetu, "mnazurura wapi saa hizi?" lilikuwa swali la mama kila magharibi. Maana yake: njooni mle. Nikisoma magazeti ya Dar es Salaam ya mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, kitenzi hichohicho kina sura nyingine. Watu hawazururi tena, wamekuwa "wazururaji": wanakamatwa, wanapandishwa malori, wanapelekwa vijijini kulima. Sheria ya mwaka ule ilitaka kila mwenye nguvu awe na kazi inayotambulika. Muuza karanga na kijana anayesaka kibarua wakapewa jina moja. Ndo ujanja wa neno hili gazetini: linaonyesha miguu inatembea, linaficha inakokwenda. Mama angalau aliuliza wapi.