Kilwa ipi? Historia ya jina moja lenye anwani tatu

Panda basi Dar es Salaam, mwambie konda, "Nashuka Kilwa." Atakuuliza papo hapo: "Kilwa ipi? Kivinje au Masoko?" Na kama unaenda Kisiwani, ukifika Masoko bado una safari ya boti.

Jina ni moja, ila limehama. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alifika Kisiwani, mji wa masultani waliotajirika kwa dhahabu ya Sofala. Wareno walioushambulia mwaka 1505 waliuandika Quiloa, wakimaanisha kisiwa hichohicho. Karne ya 19 mambo yakageuka: misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ikawa inaishia Kivinje, bara. Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, ilikuwa Kivinje. Leo makao makuu ya wilaya yako Masoko.

Kwa hiyo ukikuta "Kilwa" kwenye hati ya zamani, uliza kwanza ni ya mwaka gani. Usipouliza, utamnyongea Makunganya kisiwani.

Kompyuta nazo zimepitia haya. Miaka ya 1970, mtandao wa ARPANET ulitegemea faili moja la majina na anwani, lililotunzwa kwenye taasisi ya utafiti huko California. Mtandao ulivyokua, faili likaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akaja na mfumo wa DNS: wewe unashika jina, anwani unaulizia. Mashine ikihama, jina linabaki.

Lakini swali la konda halikuisha. Programu ileile huishi mahali patatu: kwa anayeitengeneza, kwenye majaribio, na kwenye kazi halisi. Kote huko huita huduma ileile, ila anwani ni tofauti.

Mimi hili lilinifunza kwa aibu. Kwenye mradi mmoja wa kituo cha afya niliandika anwani ndani ya msimbo wenyewe, nikasahau kuibadilisha. Wagonjwa 12 niliowabuni kwa majaribio wakaingia kwenye mfumo halisi, na hesabu ya dawa za mwezi ikapanda. Bahati nzuri mfamasia alishtuka kabla oda haijatumwa. La sivyo, pesa za dawa za watu walio hai zingenunua dozi za watu wasiokuwepo.

Tiba yake ni rahisi. Toa anwani kwenye msimbo, ziweke kwenye faili la mipangilio, kila mazingira na lake. Funguo za mfumo halisi zisikae kabisa kwenye majaribio, ili hata ukikosea njia ukute mlango umefungwa. Na programu isipoambiwa iko wapi, igome kuwaka, isibahatishe.

Konda wa Kilwa analijua hilo siku nyingi. Hakukatii tiketi mpaka useme ni Kilwa ipi.